Ben ni Nani? Maswali Yenu Kuhusu Majina ya Milima na Vijito vya Uskoti

Toleo lililopita niliweka sentensi mbili tu, mbili kabisa, kwamba majina mengi ya milima kule Uskoti ni ya Kigaeli na kwamba ukiyapasua ndani unakuta maneno ya kawaida ya wafugaji, hamna siri yoyote. Basi sentensi hizo mbili zimenijazia simu. Wengine mko hukohuko Uskoti mnafanya kazi na kusoma, wengine mko nyumbani lakini mmekutana na majina haya kwenye chupa za wiski na kwenye mpira, na mmoja kanitumia meseji ya sauti ya dakika saba (tafadhali, msirudie). Kwa hiyo safu ya leo yote inaenda huko.

Kwa ambao hawajui, Kigaeli ni lugha iliyovuka bahari kutoka Ayalandi zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, ikatawala karibu Uskoti yote halafu ikasukumwa mpaka milimani na visiwani. Sensa ya 2011 ilikuta wanaoizungumza ni kama 57,000 hivi, yaani kata moja kubwa ya Dar inawameza. Lakini ukifungua ramani, milima bado inaongea lugha hiyo.

Mwalimu, shikamoo. Niko Glasgow mwaka wa pili sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee. Wenzangu kazini kila wikendi wanapanda milima na siku hizi wananiburuta na mimi. Nikiangalia ramani naona Ben huyu, Ben yule, afu kuna Meall, Sgurr, Carn, Stob. Huyu Ben ni nani mbona ana milima mingi hivyo? Na kwa nini wasiseme mlima tu yakaisha? Nikijaribu kuyatamka wananicheka. — Mbeba Mabegi, Glasgow

Marahaba mwanangu. Nimecheka peke yangu hapa mpaka mjukuu kaja kuangalia kuna nini. Ben sio mtu. Ni neno beinn, wanalitamka karibu na "beny" na ile "ny" yetu ya nyumba, na wachora ramani wakaliandika Ben basi ikabaki hivyo. Zamani sana neno hili lilikuwa na maana ya ncha au pembe, pembe hasa ya mnyama, na baadaye ndo likawa mlima.

Sasa kwa nini wasiseme mlima tu? Nikuulize na wewe, kwa nini mtu wa pwani hasemi nazi tu? Kuna kidaka, kuna kitale, kuna dafu, kuna koroma, ndo uje kwenye nazi yenyewe, na ukimwambia muuza madafu nipe koroma wakati unataka dafu atakuangalia vibaya. Unayeishi na kitu unakipa majina kwa kadiri unavyokihitaji. Hawa watu walikuwa wanapandisha ng'ombe milimani kila kiangazi, kina mama na vijana wanakaa huko juu kwenye vibanda wakikamua na kutengeneza jibini, kibanda chenyewe na malisho yake wanaita àirigh, sasa ukimtuma mtoto akatafute ndama aliyepotea ukamwambia "yuko mlimani" hujamsaidia kitu. Mlima upi? Ule wa mviringo kama nundu ni meall. Ule wenye miamba iliyochongoka ni sgùrr. Ule unaoonekana kama rundo la mawe ni càrn. Kichongo kifupi kama kisiki ni stob. Kilima kidogo cha kawaida cha karibu na nyumba ni cnoc. Ukisema hivyo mtoto anajua atafute umbo gani kwenye upeo wa macho hata kama ukungu umefunika nusu, na ukungu kule nakwambia ni kila siku, mimi nilikaa Glasgow miaka mitatu nasoma na naweza kuhesabu kwa vidole siku nilizoona kilele.

Halafu kuna jambo linalonifurahisha kuliko yote, na wenzako hao wanaosema Kiingereza halitawaingia haraka kama litakavyokuingia wewe. Kwa Kiingereza sifa inatangulia, sisi sifa inafuata: mlima mkubwa. Na Kigaeli hivyohivyo, Beinn Mhòr, neno kwa neno mlima mkubwa. Ukiona Ben More kwenye ramani ndo huyo, na wako wengi, mmoja kisiwa cha Mull wa mita 966, mwingine karibu na Crianlarich wa mita 1,174, mwingine Assynt kaskazini, kama sisi tulivyo na Mtoni na Mlimani kila mkoa. Na ile "wa" yetu ya mlima wa fulani nayo imo. Beinn Laoigh, wanaoiandika Ben Lui, ni mlima wa ndama. Càrn nan Gobhar ni rundo la mbuzi, yaani kilima cha mbuzi. Meall nan Tarmachan ni nundu ya kwale wa thelujini. Meall a' Bhuiridh ni nundu ya mngurumo, kwa sababu vuli kulungu dume wanapogombea majike wanaunguruma pale usiku kucha.

Umeona mara ni mòr mara ni mhòr? Hapo ndipo wageni wanapolia. Sifa inabadilika mwanzoni kulingana na nomino, beinn ni ya jinsi ya kike basi inadai mhòr, càrn ni ya kiume basi anabaki mòr. Wewe uliyekua unasema mti mrefu, nyumba ndefu, ukuta mrefu, kuta ndefu bila kufikiri, utashindwa na hilo? Kwenye kutamka shika machache tu: bh na mh ni "v", kwa hiyo mhòr ni "vor". Th ni "h". Fh mara nyingi haitamkwi kabisa, ipo kama mgeni aliyekaa kimya. Ch ni ile "kh" ya sheikh wakiisema watu wa madrasa, na gh karibu na ile ya ghali na ghafla, ambayo wenzako wanaihangaikia na wewe umezaliwa nayo. Na gorm usiseme "gorm", sema "gorom", wanachomeka irabu katikati ya r na m kwa sababu konsonanti zikibanana hawazipendi. Kama sisi kabisa. Jumamosi ijayo kawacheke wao.

Habari za kazi. Mwaka jana nilienda Aviemore na familia, mwenyeji wetu akasema Cairngorm maana yake mlima wa bluu. Nimefika nimeangalia, mlima wa kahawia na kijivu, bluu iko wapi? Halafu kibao kingine kikasema jina la asili la safu nzima ya milima ile lina maana ya wekundu. Sasa ni bluu au ni nyekundu, au hawa watu hawaoni vizuri? — Baba wa Watatu, Birmingham

Wanaona vizuri sana, tatizo ni umesimama karibu mno. An Càrn Gorm, mita 1,245, jina lake limetoka kwa watu waliokuwa wanautazama kutoka chini bondeni, na mlima wa mbali wenye hewa ya unyevu katikati ni wa bluu, hata Usambara ukiitazama asubuhi ukiwa Korogwe utaniambia. Huo ni mlima mmoja. Ni wageni waliochukua jina la mlima mmoja wakaivalisha safu nzima. Wenyewe safu yote waliiita Am Monadh Ruadh, nyika ya milima myekundu, kwa sababu mawe yake ya graniti yana wekundu fulani hasa jua linapozama, na ng'ambo ya bonde la mto Spey kuna safu nyingine inatazamana nayo, hiyo ni Am Monadh Liath, ya kijivu. Yaani ukisimama bondeni una wekundu mkono huu na kijivu mkono ule, huhitaji ramani wala simu. Huyu wa kijivu jina lake limebaki kwenye ramani, Monadhliath, mwenzake mwekundu kapokonywa lake.

Halafu rangi za Kigaeli hazikai kwenye makabati yaleyale ya Kiingereza. Gorm ni bluu, lakini nyasi mbichi zilizostawi nazo ni gorm. Glas ni kijivu na pia ni kijani kilichopauka. Wekundu wako wawili, dearg ni ule mkali na ruadh ni ule wa kutu, wa nywele, wa mbweha. Hatuwezi kuwacheka maana sisi wenyewe tuna mtu mwekundu ambaye hana wekundu wowote, na maji ya kunde, na mama yangu mpaka anafariki alikuwa anaita kijani "rangi ya majani" na hakuona upungufu. Nikuongezee moja la Ayalandi kwa binamu zao: Mwafrika kwa Kiayalandi ni duine gorm, mtu wa bluu. Mtu mweusi, fear dubh, tayari lilikuwa jina la shetani. Kwa hiyo ukiitwa wa bluu kule umeepushwa na mengi.

Mwalimu mimi ni mkazi wa Nyahururu, mvuvi wa habari kama unavyonijua. Kuna Aberdeen kule Uskoti na huku kwetu tuna Aberdare. Ni bahati tu au kuna undugu? — Jirani wa Maporomoko

Upo, na una utani ndani yake.

Aliyewapa milima yenu jina hilo ni Joseph Thomson, Mskoti, alipopita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884. Ni huyohuyo maporomoko yenu yaliitwa kwa jina lake, na ndiye aliyemo ndani ya swala tomi mpaka leo, swala ambaye hajui kabisa kwamba amebeba jina la mtu. Thomson hakumuuliza mtu yeyote hapo, akaipa safu ile jina la Lord Aberdare aliyekuwa rais wa jumuiya ya wanajiografia iliyomtuma. Na huyo bwana jina lake rasmi lilikuwa Henry Bruce, hilo la Aberdare alilipata alipopewa ulodi, limetoka kwenye mji wa Aberdare huko Welisi. Na mji huo uliitwa hivyo kwa sababu uko pale mto mdogo unaoitwa Dâr unapoingia mto mwingine. Aber ni mlango wa mto. Aberdeen vilevile, mlango wa mto Don.

Kwa hiyo, jirani, mnalala kila siku chini ya milima inayoitwa mlango wa mto, mto wenyewe uko Welisi, na jina la wenyeji, Nyandarua, ambalo husemwa ni ngozi iliyowambwa ikauke kwa jinsi safu ile inavyoonekana ukiwa mbali, lilikuwepo pale pale. Linganisha na Am Monadh Ruadh hapo juu uone kama kuna tofauti.

Ila aber si Kigaeli, niseme ukweli. Ni ya lugha za upande wa Welisi na ya Wapikti, watu waliokuwa Uskoti mashariki kabla Kigaeli hakijafika. Kigaeli chenyewe kinasema inbhir, kwenye ramani Inver. Inverness, mlango wa mto Ness. Inveraray, mlango wa mto Aora. Aber na inbhir ni mtu na binamu yake, ndani ya yote mawili kuna kitenzi cha zamani cha kubeba na kuleta, pale ambapo mto unaleta maji yake. Ukitembea pwani ya mashariki unakuta yamechanganyika, kijiji hiki Aber kile Inver, unajua hapa lugha mbili zilikaa jirani na pengine zikaoana.

Mwalimu mbona ni milima tu kila mahali, vijito je? Mimi shamba langu liko kwenye kijito na napenda maji kuliko miinuko. — Mama Shamba, Bukoba

Umenisema vizuri maana maji ndo yenye mambo.

Kijito kwa Kigaeli cha Uskoti ni allt. Wameyaandika Allt au Ault, yamejaa kwenye ramani kama uduvi. Sasa zamani allt haikuwa maji kabisa. Ilikuwa ni genge, mteremko mkali, kimo, na Ayalandi mpaka leo bado liko hivyo. Uskoti neno limeteleza, kutoka kwenye kuta za bonde likashuka taratibu mpaka chini likatua kwenye maji yanayopita katikati. Mtu wa bara hili hatalishangaa, maana korongo ni lile shimo la udongo lililochimbwa na mafuriko, lakini mvua ikinyesha unasikia mtu anasema korongo limeshuka, hapo anasema maji.

Juu ya allt kuna abhainn, mto wenyewe, sema "avin". Chini ya allt kuna caochan, kijito kidogo mno kinachojificha chini ya majani, na ndani ya neno hilo kuna caoch, kipofu. Kijito kipofu! Unakisikia hukioni mpaka umekikanyaga, na mimi nimekikanyaga, maji ya baridi mpaka kwenye magoti, nikaelewa etimolojia kuliko darasani. Chemchemi ni fuaran, ndani yake kuna fuar, baridi, na Wamaasai walioita Enkare Nairobi, maji baridi, wangeelewana nao bila mkalimani. Maporomoko ni eas. Maji yenyewe ni uisge, na hapa wanywaji wakae vizuri, uisge beatha ni maji ya uhai, Waingereza wakasikia nusu ya kwanza tu wakaandika wiski. Ile Glen kwenye chupa ni gleann, bonde, na Glenlivet ni bonde la mto Livet, hamna zaidi.

Majina ya vijito yana mambo ya kazi za watu. Allt a' Mhuilinn unaotoka chini ya Ben Nevis ni kijito cha kinu, kulikuwa na kusaga nafaka pale. Tobermory kule Mull ni Tobar Mhoire, kisima cha Mariamu. Na kuna vijito vilivyoipa milima majina badala ya milima kuvipa vijito: Ben Lawers, mita 1,214, inaelezwa kwamba jina lake linatokana na labhar, mwenye sauti kubwa, msemaji, na aliyekuwa anapiga kelele ni kijito sio mlima.

Lakini mito mikubwa ni kitu kingine. Tay, Clyde, Dee, Spey, haya ukimuuliza mzungumzaji wa Kigaeli yana maana gani atakwama, kwa sababu yalikuwepo kabla ya Kigaeli. Ptolemy yule Mgiriki wa Aleksandria, karne ya 2, anataja Clota na Deva, majina yaleyale ya Clyde na Dee. (Ndiyo, ni Ptolemy yuleyule aliyetaja Rhapta, bandari ya kale ya pwani yetu, mzee alikuwa hatulii.) Deva maana yake ni mungu wa kike. Watu wakihamia mahali wanakuta mto mkubwa una jina tayari na kila mtu analitumia, wanalichukua tu, ila kijito cha nyuma ya nyumba wanakipa jina wenyewe. Ndo maana lugha ya zamani zaidi iko kwenye mito mikubwa na ya karibuni iko kwenye vijito. Wakati mwingine mgeni anachukua jina bila kujua, kama Uingereza kule Bristol kuna mto Avon, na avon ni neno la wenyeji wa kale lenye maana ya mto. Mto Mto. Mtu aliuliza huu ni nini, akaambiwa "mto", akaandika.

Mwalimu samahani kwa swali hili. Mwanangu wa darasa la sita kapewa homuweki ya milima ya Uskoti, akaja kuniuliza kama ni kweli kuna milima inaitwa matiti. Nimemfokea. Nimefanya vibaya? — Mama Mwenye Aibu, Leicester

Kamwombe msamaha mtoto. Ni kweli na sio mmoja. Wafugaji hawa walitazama mlima kama mwili: druim ni mgongo, sròn ni pua, gualann ni bega, ceann ni kichwa (ndo ile Kin ya Kinlochleven, kichwa cha ziwa), na cìoch ni titi. Sgorr na Cìche pale Glencoe ni ncha ya titi na ukiiona huna la kubisha. Kisiwa cha Jura kina mitatu kwa pamoja inayoitwa hivyo, hesabu ambayo kila mgeni anaiuliza na hakuna anayejibu.

Walioona aibu ni wengine. Karibu na Balmoral, nyumba ya mapumziko ya wafalme wa Uingereza, kuna mlima maarufu wa Lochnagar. Sasa "loch" ni ziwa, mlima utaitwaje ziwa? Ni kwamba Lochan na Gàire, kiziwa cha kelele, liko chini ya magenge yake, na jina la kiziwa limepanda juu likakaa kileleni, wakati mlima wenyewe ulikuwa unaitwa Beinn nan Cìochan, mlima wa matiti. Na kule katikati ya Cairngorm kuna kilele cha mita 1,004 wanakiita kwa Kiingereza Ncha ya Shetani, lakini Kigaeli ni Bod an Deamhain, na hiyo "bod" sio ncha, ni kiungo cha mwanamume. Inasimuliwa kwamba Malkia Victoria alimuuliza mtumishi wake John Brown jina lile lina maana gani, Brown naye akamezea, akatoa tafsiri ya adabu. Hapo kwa mtoto wa darasa la sita unaweza ukaishia kwenye matiti.

Kilmarnock, Kilbride, Kildare, na Kilimanjaro. Ni neno moja? — Shabiki wa Mpira, Moshi

Hapana. Kil yao ni cill, chumba cha mtawa na baadaye kanisa. Kildare ya Ayalandi ni Cill Dara, kanisa la mwaloni. Kili yako wengi husema ni kilima, na "njaro" wanaendelea kugombana nayo wenyewe huko kwenu. Pole.

Mwalimu, huku kwetu kila mlima mkubwa una mizimu yake. Wao je? — Mjukuu wa Mganga, Songea

Wanayo, tena wameiandika kwenye ramani. Sìdh au sìthean ni kilima cha majini, wale viumbe wao wanaoishi ndani ya vilima na kuiba watoto. Mkubwa wao ni Schiehallion, mita 1,083, Sìdh Chailleann, kilima cha majini cha Wakaledonia, taifa la kale waliopigana na Warumi. Na cha ajabu mlima huu wa majini ndo uliotumika kupima uzito wa dunia, mwaka 1774 mwanaastronomia Nevil Maskelyne alikaa pale miezi akipima jinsi timazi inavyovutwa kidogo pembeni na mlima, halafu Charles Hutton akafanya hesabu zake na katika kuhangaika na vimo akaunganisha kwa mistari sehemu zenye kimo kimoja, mistari hiyohiyo unayoiona leo kwenye kila ramani ya milima.

Lakini anayenivutia zaidi ni Cailleach, ajuza. Milima mingi ina A' Chailleach na mingine Am Bodach, kikongwe wa kiume, na mara nyingi wametazamana. Cailleach ni bibi wa kipupwe, anayeleta baridi, na wanasema milima mingine ni mawe yaliyomponyoka alipokuwa anabeba. Pembeni ya bonde la Glen Lyon, ndani kabisa, kuna kibonde kinaitwa Gleann Cailliche, bonde la ajuza, na kijito chake ni Allt Cailliche. Pale kuna kijumba kidogo cha mawe kimeezekwa kwa nyasi na udongo, urefu wake haufiki hata kiunoni, Tigh nam Bodach. Ndani kuna mawe yaliyosuguliwa na maji mpaka yakapata shingo na kichwa, kubwa ni Cailleach, halafu Bodach mumewe, na binti yao. Kila mwaka mwanzoni mwa Mei, wakati ng'ombe zamani walikuwa wanapanda malishoni, mawe yanatolewa nje yakatazame bonde, na mwanzoni mwa Novemba yanarudishwa ndani na mlango unazibwa. Hadithi ni kwamba familia ile ilipewa hifadhi na wenyeji siku ya theluji, bibi akaahidi bonde litastawi maadamu wanatunzwa. Mjukuu wa Mganga, nafikiri umelielewa hili haraka kuliko mimi.

Mwalimu, nimefanya kazi Edinburgh miaka kumi na moja na sasa nimenunua kiwanja Karatu, kipo kwenye kilima kidogo, udongo mwekundu kama unavyoujua. Nataka geti liandikwe jina la Kigaeli. Nisaidie. — Narudi Nyumbani

Hongera sana, karibu nyumbani. Ukiandika Ben watakucheka, kilima kidogo cha nyumba ni cnoc. Udongo wa Karatu ni ruadh kamili, ule wa kutu, sio dearg. Cnoc ni ya kiume, sifa haibadiliki mwanzo, basi andika An Cnoc Ruadh, kilima chekundu. Kutamka ni kama "krokhk" na ile r ipitie puani, ruadh ni "rua", mwisho unaumeza. Mwandikie fundi kwenye karatasi herufi kubwa na usimame pale wakati anachomelea, maana mimi fundi wangu hapa nilimwambia kwa simu aandike "Upendo" tu, Kiswahili kitupu, na wageni wangu wote mpaka leo wanakuja wakiuliza nyumba ya Upedo.